Orodha Kabla ya Kura

Mkutano mkuu wa wazazi ukiitishwa katika shule ya mtaa wa Himbi, mjini Goma, barua ambayo mtoto anapewa aifikishe nyumbani huwa na mambo manne au matano: neno la mkuu wa shule, hali ya masomo, minervali (ada ya shule) ya mwaka mpya, uchaguzi wa komite ya wazazi, na mengineyo. Mpangilio huo haukuanguka kutoka mbinguni. Minervali inajadiliwa ukumbi ukiwa bado umejaa na koo bado zina nguvu. Uchaguzi unafikiwa saa saba mchana, wakati akina mama wenye meza sokoni wameshaondoka na waliobaki wanaangalia simu zao. Mtu anasimama nyuma anataja jina, mwingine anasema anaunga mkono, makofi yanapigwa, na watu watakaosimamia michango ya mwaka mzima wamepatikana kwa muda usiotosha kupatana bei ya samaki wa sambaza.

Wanaojali haki katika chaguzi ndogo kama hizi huelekeza macho kwenye kura yenyewe: je, ni ya mikono au ya karatasi, nani alihesabu, nani alishuhudia. Ni maswali mazuri, ila yanakuja yamechelewa. Mikono inapoinuliwa, sehemu kubwa ya matokeo imeshaamuliwa na mambo matatu yaliyotangulia: nani aliitwa mkutanoni, nani alikubaliwa kuwa mzazi, na majina yalitoka mfukoni mwa nani. Wizi wa kura ni nadra sana katika uchaguzi wa wazazi, kwa sababu hauhitajiki.

Kwanza muundo. Katika shule za Kongo, wazazi wanawakilishwa na komite inayojulikana kwa kifupisho chake cha Kifaransa, COPA. Ina prezida, makamu wake, katibu, mtunza hazina na washauri kadhaa. Pembeni yake kuna COGES, yaani baraza la uendeshaji wa shule, ambalo mwenyekiti wake ni mkuu wa shule mwenyewe: direkta kwa shule ya msingi, prefe kwa sekondari. Prezida wa COPA ana kiti katika baraza hilo. Kwa maneno mengine, anachaguliwa na wazazi ili amkague mtu yuleyule ambaye ndiye mwenyekiti wake barazani. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inawatambua wazazi kuwa wabia katika elimu, pamoja na Serikali, madhehebu ya dini na wenye shule binafsi. Ubia ni neno pana. Linatosha kumweka mzazi mezani bila kusema atakula nini.

Kiti hicho kilipata thamani yake kwa njia ambayo hakuna mwandishi wa sheria aliyeipanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati Zaire ya Mobutu, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilipokuwa ikishindwa kulipa mishahara, walimu waligoma na madarasa yakafungwa. Suluhisho lililoungwa mkono na Kanisa Katoliki, ambalo tangu makubaliano ya tarehe 26 Februari 1977 linaendesha sehemu kubwa ya shule za umma kwa niaba ya Serikali, lilikuwa wazazi wenyewe wamwongezee mwalimu kitu ili arudi darasani. Mchango huo uliitwa primu ya motisha. Ulipangwa kuwa wa muda. Ukadumu kwa zaidi ya robo karne.

Ndani ya robo karne hiyo, shule ya Kongo ikawa chombo cha kukusanya fedha. Mzazi alilipa primu ya mwalimu, na juu yake makato mengine ambayo sehemu yake ilipanda ngazi: ofisi ya elimu ya eneo, ofisi ya mkoa, ofisi ya dhehebu lenye shule. Kila mwaka gavana wa mkoa hutoa agizo linaloweka viwango vya ada, lakini yale yanayozidi viwango hivyo, kwa ajili ya paa, choo, mlinzi au mitihani ya majaribio, yanahitaji kibali cha wazazi. Kibali hicho ni muhtasari wa mkutano wenye sahihi ya prezida wa COPA. Hapo ndipo ulipo uzito wa cheo. Prezida wa wazazi hana mshahara wala ofisi, na hawezi kumhamisha mwalimu hata mmoja. Ana kalamu tu, ila bila kalamu hiyo ongezeko la dola kumi linaitwa tozo haramu, na ikishatumika linaitwa uamuzi wa wazazi.

Mwezi Septemba 2019, Serikali ya Rais Félix Tshisekedi ilianza kutekeleza kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006, kinachosema elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ni bure. Katika shule za msingi za umma primu ilifutwa, na walimu wa mijini, ambao wazazi walikuwa wakiwapa zaidi ya Serikali, ndio waliouhisi upungufu kwanza. Komite za wazazi za shule hizo nazo zilipoteza kazi yao kuu, na pamoja nayo wagombea wao wengi. Ni ajabu kidogo jinsi moyo wa kujitolea unavyofuata njia ileile ya pesa. Sekondari na shule binafsi zilibaki zikitoza, na huko ndiko uchaguzi bado una joto. Himbi, mtaa wa komuni ya Goma uliotanda kuelekea Ziwa Kivu, wenye nyumba za kupangisha, ofisi za mashirika na shule binafsi zisizo chache, ni mahali pazuri pa kuutazama.

Katika shule binafsi kuna mtu wa ziada ambaye muhtasari haumtaji: mwenye shule, anayeitwa promota. Yeye hahitaji kibali cha wazazi kwa namna ambayo prefe wa shule ya umma anakihitaji. Asiyeridhika na ada anaweza kumhamisha mtoto. Bado komite inaundwa, kwa sababu ongezeko lililotangazwa na mzazi mwenzako linaumiza kidogo kuliko lililotangazwa na mwenye mali.

Sasa tuje kwenye majina. Katika shule nyingi, pendekezo la kwanza linatoka kwa mkuu wa shule au kwa mtu aliyezungumza naye wiki iliyotangulia. Ni rahisi kuona hila hapo, na pengine ipo, lakini maelezo ya kawaida zaidi ni kazi. Prefe anahitaji prezida anayepatikana kwa simu, anayeweza kusoma bajeti bila kuelezwa mara tatu, asiyegeuza kila kikao kuwa kesi, na ambaye akienda kwenye ofisi ya elimu atasikilizwa mlangoni. Kila sharti kati ya hayo lina busara yake. Yakikusanywa yanazaa mtu mmoja: baba mwenye ajira ya ofisini, mwenye gari, ambaye katibu wake kazini anaweza kuchapa muhtasari bila malipo. Mama anayeuza mitumba, mwenye watoto watatu shuleni na ambaye minervali inamgusa mfupa, hakuondolewa na yeyote. Hakupita tu akilini mwa mtu.

Anayeteuliwa kwa njia hiyo anaingia na deni la shukrani. Hakuomba kiti, aliombwa. Siku atakapotakiwa kuuliza mbona pesa za choo zimekuwa rangi ya ofisi, atakuwa akimuuliza mtu aliyemwona anafaa wakati wengine hawajamwona. Wachache huuliza. Wengi hufanya jambo la heshima zaidi, ambalo ni kusubiri waelezwe.

Jambo hili si la Kongo peke yake, wala si jipya. Chama cha wazazi na walimu cha Marekani kilizaliwa Washington mwaka 1897 kama kongamano la akina mama, na kilikua katika nchi ambayo tayari ilikuwa na kitabu cha taratibu za mikutano kilichochapwa mwaka 1876 na mhandisi wa jeshi aliyeitwa Henry Martyn Robert. Katika utaratibu huo majina hayaachiwi bahati: ipo kamati ya uteuzi, yaani kikundi kidogo kinachochaguliwa miezi kabla ya uchaguzi ili kitafute wagombea, kizungumze nao na kupata ridhaa yao. Masharti mawili yanaifanya isiwe mtego. La kwanza, rais wa chama haingii katika kamati hiyo wala haiteui. La pili, siku ya uchaguzi orodha yake ikishasomwa, mkutano unaulizwa kama kuna majina mengine, na yakitajwa yana hadhi sawa na ya kamati. Sharti la kwanza linamzuia aliyepo madarakani asijizalie mrithi. La pili linaizuia kamati isijigeuze kuwa mpiga kura pekee.

Katika shule za Goma kazi ya kutafuta majina inafanyika vilevile, ila haina jina, haina wajumbe wanaojulikana, na inafanyika ofisini mwa prefe. Kuipa jina na kuihamishia kwa wazazi wengine kusingegharimu kitu. Wazazi watatu wa madarasa tofauti, ambao wenyewe hawagombei, wakipewa wiki tatu wangeleta majina sita ya watu waliokwisha kukubali. Hilo la kukubali si dogo. Nusu ya fedheha ya uchaguzi wa ghafla ni mtu kutajwa mbele ya watu, kukataa kwa adabu, kutajwa tena, na hatimaye kupokea cheo ili mkutano uishe. Anayepokea cheo ili mkutano uishe huhudhuria vikao kwa moyo huohuo.

Kenya ilichagua njia nyingine na kuiandika katika sheria. Kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kila mzazi mwenye mtoto shuleni ni mwanachama wa chama cha wazazi, na kamati tendaji inaundwa na mwakilishi mmoja wa kila darasa pamoja na walimu wawili. Mwenyekiti na wajumbe wawili huingizwa katika bodi ya usimamizi wa shule. Uzito umehamishwa kutoka kwenye mkutano mkuu kwenda darasani. Shule kadhaa za Goma hufanya jambo linalofanana bila kuambiwa na sheria ya Nairobi: kila darasa linatoa mjumbe, wajumbe wanakutana, wanachaguana.

Njia ya madarasa ina faida ambayo haionekani kwenye karatasi. Wazazi arobaini wa darasa moja wanajuana kwa majina ya watoto. Mama Espérance anajulikana kuwa ndiye anayekuja kila mwezi kuangalia madaftari. Papa Bahati anajulikana kuwa anaahidi na hafiki. Ukumbini, mbele ya watu mia tatu, habari hizo hazina nafasi, na anayeshinda ni mwenye suti na Kifaransa kilichonyooka. Darasani watu huzungumza Kiswahili chao, wamebanana kwenye madawati ya watoto magoti yakigusa kidevu, na hotuba ndefu inaumiza mgongo wa msemaji mwenyewe.

Lakini hesabu ina upande wake wa pili. Shule yenye madarasa kumi na mawili ina wajumbe kumi na wawili, na prezida anahitaji saba. Kushawishi wazazi mia tatu ni kampeni. Kushawishi watu saba ni chupa saba za Fanta. Zaidi ya hapo, mkutano wa darasa huongozwa na mwalimu wa darasa, ambaye ana prefe wake na sababu zake. Kilichozuiwa mlangoni kinaweza kuingia dirishani mara kumi na mbili. Dawa yake inajulikana na haina ufundi: mwalimu afungue mkutano, atoe taarifa ya masomo, kisha atoke nje wakati wa kuchagua. Mwalimu mwenye nia njema hatakosa la kufanya uani kwa robo saa.

Suala la nani ni mzazi linaonekana jepesi mpaka lifikiwe. Goma ni mji uliojazwa na watu waliohama: kutoka Masisi, Rutshuru, Nyiragongo, mara nyingine zaidi ya mara moja. Watoto wengi wanaishi kwa shangazi, kwa kaka mkubwa, kwa rafiki wa marehemu baba. Daftari la shule linasema mzazi ni fulani, aliyeko mbali au aliyekwisha fariki. Anayelipa na kusaini ripoti ni mwingine. Ikiwa kanuni inasema mzazi, mlezi anaweza kukataliwa siku ambayo jina lake halipendezi, na kukubaliwa siku linapopendeza. Kanuni inayotumika siku moja na kusahaulika siku nyingine ni silaha, hata kama iliandikwa kwa nia safi. Maneno yanayofaa ni mafupi: mtu mzima mmoja aliyeandikishwa kwa kila nyumba, awe mzazi au mlezi. Na yanajibu swali jingine papo hapo, la baba mwenye watoto wanne anayedai mikono minne.

Kuna pia mzazi aliye mwalimu wa shule hiyohiyo. Mtoto wake anasoma pale, ada anakatwa kwenye primu yake, na kwa kila kipimo ni mzazi. Apige kura. Kugombea uprezida ni jambo jingine, kwa kuwa chombo kinachopaswa kumkagua prefe hakiwezi kuongozwa na mtu ambaye prefe anampangia ratiba.

Na yuko mzazi mwenye deni. Huyu ndiye anayefanya kura ya mikono kuwa na tatizo. Katika sekondari ya kulipia, mtoto ambaye minervali yake haijakamilika hurudishwa nyumbani, na tarehe ya kurudishwa ina ulegevu unaotegemea mkuu wa shule. Mzazi aliyeomba apewe hadi mwisho wa mwezi, na akapewa, anakaa mstari wa tatu mbele ya prefe huyohuyo akiulizwa anamtaka nani. Hakuna aliyemtisha. Mkono wake unajua wenyewe pa kwenda. Kura ya siri inaondoa shida hiyo kwa gharama ya madaftari mawili yaliyochanwa na sanduku la maziwa ya unga lililotobolewa juu. Hoja kwamba kura ya siri inachukua muda mrefu ni ya kweli. Inachukua kama nusu ya muda uliotumika kwenye neno la mkuu wa shule.

Makofi ni mabaya zaidi kuliko mikono, kwa sababu hayahesabiki. Kuchaguliwa kwa makofi kunapendwa kwa kuwa kunaonyesha umoja, na katika mji ambao umoja ni bidhaa adimu mtu anaelewa kivutio chake. Ila makofi yana tabia ya kumpa prezida imani kwamba alipendwa na wote, na imani hiyo hujitokeza mara ya kwanza anapoulizwa swali la hesabu.

Wagombea wakiwa watatu, hesabu nyepesi inaweza kupotosha. Tuseme waliopo ni 90: wa kwanza anapata 36, wa pili 30, wa tatu 24. Wa kwanza ametangazwa, na watu 54 kati ya 90 hawakumtaka. Duru ya pili kati ya wawili wa juu inarekebisha hilo, na kwa mkutano mdogo ni dakika kumi. Badala yake mara nyingi hufuatwa desturi ya kumfanya wa pili kuwa makamu. Inaonekana ya kiungwana. Matokeo yake ni kwamba shule inapata prezida na mpinzani wake katika ofisi moja, mmoja akiwa na muhuri na mwingine akiwa na muda mwingi. Kila cheo kikipigiwa kura yake, makamu atakuwa mtu aliyetafutwa kuwa makamu.

Halafu jeopolitiki. Nchini Kongo neno hilo halihusu ramani za dunia. Tangu miaka ya mwisho ya Mobutu linamaanisha kugawana vyeo kwa kabila na kwa eneo. Katika komite za wazazi halisemwi kwa sauti, bali linahesabiwa kichwani: prezida ametoka huku, basi katibu atoke kule. Kulidharau ni rahisi kwa asiyeishi Goma. Shule ambayo jamii moja imeshika vyeo vyote haitakusanya michango ya wengine, na hilo ni suala la uendeshaji kabla halijawa la maadili. Tatizo ni pale mgawanyo unapofanywa na watu wawili ofisini, kisha mkutano unaletewa orodha iliyosawazishwa tayari na kuombwa usiivuruge. Wajumbe wa madarasa huleta mchanganyiko huo bila kupangwa, kwa kuwa madarasa yenyewe yamechanganyika.

Usawa wa wanawake na wanaume una sheria yake, ya tarehe 1 Agosti 2015, na kifungu cha 14 cha Katiba juu yake. Ukumbini akina mama ndio wengi. Kwenye komite mara nyingi wanapatikana katika kiti kimoja, cha hazina, kwa maelezo kwamba mama anaaminika na pesa. Ni sifa nzuri na ina ukweli. Ina pia urahisi wake: mwenye hazina anatunza, mwenye uprezida anaidhinisha matumizi, na lawama ya pesa iliyopungua inakwenda kwa aliyekuwa na funguo.

Kiti hicho cha hazina kimekuwa kizito zaidi tangu mwaka 2025. Waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma mwishoni mwa Januari mwaka huo, benki zilifunga milango; mwezi Aprili watawala wapya walifungua tena ofisi ya CADECO, taasisi ya akiba ya Serikali, lakini benki za biashara zilibaki zimefungwa na noti zikawa adimu. Shule zilizokuwa na akaunti yenye sahihi mbili, ya mkuu wa shule na ya mwakilishi wa wazazi, zilijikuta na sahihi mbili zisizofungua chochote. Minervali ikarudi mikononi na kwenye simu, na laini ya simu ina mwenyewe mmoja na namba ya siri moja. Ulinzi ambao ulikuwa umejengwa ndani ya benki unapaswa sasa kujengwa ndani ya daftari: risiti zenye namba zinazofuatana, mahesabu yanayosomwa mbele ya wajumbe kila mwezi, na watu wawili kuhesabu pesa kabla hazijalala popote. Katika hali hiyo, kumchagua mtunza hazina kwa makofi saa saba na nusu ni ujasiri.

Muda wa kukaa madarakani ndipo kanuni nyingi zinaponyamaza. Mtoto wa prezida anapomaliza darasa la mwisho la sekondari na kupata diploma ya Serikali, baba yake si mzazi tena wa shule ile. Wengine huendelea. Wana uzoefu, wana muhuri, na hakuna aliyewaambia watoke. Kanuni ya kwamba kiti kinaisha siku mtoto anapotoka shuleni ingeokoa aibu za pande zote, hasa ikienda pamoja na kubadilisha nusu tu ya komite kila mwaka, ili wapya wakute mtu anayejua faili ziko wapi.

Makabidhiano, ambayo ofisi zote za Kongo zinayajua kwa Kifaransa kama remise et reprise, hufanyika kwa heshima kubwa wizarani na husahaulika kabisa katika komite za wazazi. Muhuri unabaki nyumbani kwa prezida wa zamani. Daftari la michango liko kwa katibu aliyehamia Bukavu. Laini ya simu iliyokuwa ikipokea pesa imeandikishwa kwa jina la mtu ambaye hachaguliki tena. Komite mpya inaanza na mikono mitupu, na njia pekee ya kujua kilichokusanywa mwaka jana ni kumuuliza prefe, ambaye atajibu kwa ukarimu na kwa takwimu zake.

Shule chache zimegeuza ajenda. Taarifa ya fedha ya komite inayoondoka inasomwa kwanza, saa tatu asubuhi. Muhuri, daftari na salio vinawekwa mezani mbele ya watu. Uchaguzi unafuata, kwa karatasi, kutoka kwenye majina yaliyobandikwa getini wiki mbili kabla. Minervali inakuwa ya mwisho. Wakuu wa shule hawaupendi sana utaratibu huo, kwa kuwa bei ya mwaka mpya inajadiliwa na komite ambayo imechaguliwa nusu saa iliyopita na bado haijazoea kukubali.